Kutoka Maganda ya Korosho hadi Darasa la Kemia: Ushirikiano wa Vyuo Vikuu katika Utafiti wa Polima Endelevu na Nafasi ya Mwanafunzi wa Mlowo

Ikisiri

Makala hii inafafanua uhusiano kati ya mambo mawili ambayo kwa kawaida hujadiliwa kila moja peke yake: ushirikiano wa vyuo vikuu katika utafiti wa polima endelevu, na upanuzi wa ushiriki katika somo la kemia. Mfano mkuu ni utafiti wa mafuta ya ganda la korosho uliofanywa na wanakemia na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na vyuo vya Uingereza, Sweden na Afrika Kusini. Mfano huo unatazamwa kutokea Mlowo, wilayani Mbozi, mahali ambapo malighafi za mimea ni nyingi lakini njia ya kuingia katika kemia ni nyembamba. Hoja kuu ni kwamba ushirikiano wa aina hii umefanikiwa kukuza watafiti na maarifa, lakini hauwezi kupanua ushiriki endapo utaishia kwenye ngazi ya shahada za uzamili na uzamivu, kwa kuwa uamuzi wa nani atakuwa mwanakemia hufanyika mapema zaidi, mwanafunzi anapochagua masomo ya kidato cha tatu.

1.0 Utangulizi

Mji mdogo wa Mlowo upo katika wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kandokando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya. Mbozi ni wilaya ya wakulima wa kahawa na mahindi, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ina kituo chake Mbimba, wilayani humo humo. Kila msimu unapokwisha, mavuno hayo huacha maganda ya kahawa na magunzi ya mahindi kwa wingi. Kwa jicho la mkulima, mabaki hayo ni kuni, mbolea au takataka. Kwa jicho la mwanakemia, ni ghala la polima: selulosi, hemiselulosi na lignini.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, kijana anayesoma sekondari Mlowo ana njia gani ya kulifikia jicho hilo la pili? Swali hilo lina uzito kwa sababu nchi imekwisha kuwa na uzoefu wa zaidi ya miongo mitatu wa kugeuza mabaki ya mazao kuwa polima. Uzoefu huo unaonesha ni nani aliyenufaika, kwa utaratibu gani, na ni hatua ipi ya ngazi iliyoachwa bila kujengwa.

2.0 Maana ya Polima Endelevu

Polima ni molekuli ndefu iliyojengwa kwa kuunganisha molekuli ndogo nyingi zinazoitwa monoma. Wanga, selulosi, sufu na mpira ni polima za asili. Polithini na polipropilini ni polima za viwandani ambazo monoma zake hutokana hasa na mafuta ya petroli na gesi asilia.

Neno "endelevu" linapoongezwa, huwa linabeba maana mbili zinazopaswa kutenganishwa. Maana ya kwanza inahusu chanzo: polima imetokana na malighafi inayoweza kuoteshwa upya. Maana ya pili inahusu mwisho: polima ikishatumika inaweza kuoza au kurejelewa bila kuacha madhara. Kanuni 12 za kemia ya kijani, zilizotolewa na Paul Anastas na John Warner mwaka 1998, zinayataja mambo haya mawili kama kanuni tofauti. Polima inaweza kutimiza kanuni moja na kuikosa nyingine. Gundi ngumu iliyotengenezwa kwa mafuta ya mmea inaweza kudumu bila kuoza kama ile ya petroli. Kwa upande mwingine, zipo polima za petroli zinazooza.

Tofauti hii ina sura ya kila siku nchini. Tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mahali pake ikaingia mifuko laini inayofanana na kitambaa. Wanunuzi wengi sokoni huiita "mifuko mbadala" na kuidhania kuwa ya nguo, ilhali mingi imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Ubora wake ni kwamba inaweza kutumika mara nyingi. Mnunuzi asiyejua kemia hana namna ya kuitambua tofauti hiyo, na huo ni ushahidi kwamba elimu ya polima inamhusu pia mtu asiyekusudia kuwa mtafiti.

3.0 Mfano wa Ganda la Korosho

Mfano ulio bora zaidi wa utafiti wa polima endelevu nchini unatoka mbali na Mlowo, katika mikoa ya kusini inayolima korosho. Unafaa kutumiwa hapa kwa sababu ndio wenye historia ndefu na kumbukumbu za kutosha.

Kati ya ganda la nje na la ndani la korosho kuna mafuta mazito yanayochoma ngozi. Mafuta hayo hufikia takribani robo hadi theluthi ya uzito wa ganda. Yakikamuliwa bila moto, sehemu yake kubwa huwa ni asidi ya anakadiki, pamoja na kadoli na kadanoli. Yakipashwa moto, asidi ya anakadiki hupoteza kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Molekuli ya kadanoli ina sehemu mbili zenye tabia tofauti: pete ya fenoli, na mkia wa kaboni 15 ambao mara nyingi una bondi maradufu moja hadi tatu. Pete huweza kuunganishwa na fomaldehaidi na kutoa gundi ngumu. Mkia nao unaweza kubadilishwa kwa njia nyingine. Ni nadra mmea kutoa molekuli yenye milango miwili ya aina hiyo, tena kutoka katika kitu ambacho si chakula.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania imekuwa ikiuzwa nje ikiwa ghafi, hasa India na Vietnam. Korosho inaposafirishwa na ganda lake, mafuta hayo nayo husafiri, na thamani yake huvunwa kule inakobanguliwa.

3.1 Awamu ya Bath

Mwaka 1992, Elifas Bisanda, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu sifa za nyenzo mseto zilizotengenezwa kwa nyuzi za mkonge zilizoshikwa pamoja na gundi ya mafuta ya ganda la korosho. Mazao mawili ya Tanzania yalikutanishwa katika ubao mmoja: mkonge ukitoa nguvu, korosho ikitoa gundi. Leonard Mwaikambo, ambaye mwaka 1999 alichapisha pamoja na Bisanda utafiti kuhusu nyenzo mseto za pamba na sufi, aliendeleza njia hiyo akiwa na Ansell mwanzoni mwa miaka ya 2000, akichunguza jinsi gundi ya korosho inavyokauka na kuwa ngumu.

Utafiti huo unapaswa kusomwa pamoja na tahadhari iliyotolewa katika sehemu ya 2.0. Gundi hiyo inahitaji fomaldehaidi, kemikali yenye madhara kwa afya, na ikishakauka haiozi kwa urahisi. Ilitimiza uendelevu wa chanzo kuliko uendelevu wa mwisho.

3.2 Awamu ya York, St Andrews, Lund na Zululand

Awamu iliyofuata iliongozwa na wanakemia. Mwaka 2001, Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York kazi kuhusu kichocheo cha paladiamu kilichoshikizwa juu ya kitu kigumu ili kiweze kutenganishwa na kutumika tena. Mwaka 2007, Joseph Philip na Joseph Buchweishaija wa Dar es Salaam, wakishirikiana na Lei Ye wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionesha kuwa monoma zitokanazo na asidi ya anakadiki zinaweza kutengeneza polima zenye vitundu vinavyolingana na umbo la molekuli teule, mithili ya kufuli na ufunguo wake.

Mwaka 2016, James Mgaya, akiwa na Mubofu na wenzao pamoja na David Cole-Hamilton wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, alichapisha njia ya kuibadilisha kadanoli kwa kichocheo cha paladiamu ili mkia wake upate kundi tendaji katika ncha yake. Kwa njia hiyo kadanoli inakuwa monoma yenye ncha mbili zinazoweza kuungana na nyingine, na hiyo ndiyo sifa inayohitajika ili kujenga mnyororo mrefu. Mwaka 2019, Mgaya na Mubofu, wakiwa na wenzao akiwamo Neerish Revaprasadu wa Chuo Kikuu cha Zululand, Afrika Kusini, walichapisha mapitio ya jumla kuhusu ganda la korosho kama chanzo cha kemikali, nyenzo na nishati.

3.3 Yanayojitokeza katika Mfano Huu

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, wazo na malighafi vilitoka Tanzania. Ushirikiano haukuwa wa kuletewa mada. Ulikuwa wa kupelekea mada mahali penye vifaa. Pili, ushirikiano ulirithishwa. Aliyekuwa mtafiti mdogo katika awamu moja akawa msimamizi katika awamu iliyofuata, na majina ya Watanzania yakatangulia katika orodha za waandishi. Tatu, mwelekeo ulianza kugeuka kutoka kaskazini pekee na kuingia ndani ya Afrika yenyewe. Mtandao wa Kemia wa Afrika Nzima, ulioanzishwa mwaka 2007 na Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza kwa ufadhili wa kampuni ya Syngenta, ulikuwa sehemu ya mwelekeo huo.

Kwa vigezo vya utafiti, haya ni mafanikio. Kwa kigezo cha ushiriki, hesabu ni nyingine. Kila hatua iliyotajwa hapo juu ilimhusu mtu ambaye tayari alikuwa na shahada ya kwanza. Hakuna hatua iliyoongeza idadi ya watu wanaoweza kufika kwenye mlango huo.

4.0 Mlango Ulipo Hasa

Katika mfumo wa elimu ya sekondari uliotumika kwa miaka mingi nchini, kemia na fizikia yalikuwa masomo ambayo mwanafunzi aliweza kuyaacha anapoingia kidato cha tatu, tofauti na biolojia iliyobaki ya lazima. Mwanafunzi akiacha kemia katika hatua hiyo, amefunga nyuma yake tahasusi zote zenye kemia, na pamoja nazo shahada za kemia, famasia, udaktari na uhandisi wa kemikali. Hafungi kwa kufeli. Anafunga kwa kuchagua, akiwa na umri wa takribani miaka 15 au 16, mara nyingi bila kuwahi kuona tendo la kemia likifanyika mbele yake kwa mikono yake mwenyewe.

Mwanafunzi wa Mbozi anakabiliwa na mzigo mwingine. Wengi hukua wakizungumza Kinyiha nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na kemia kwa Kiingereza katika sekondari. Somo jipya na lugha isiyozoeleka huingia mlangoni kwa pamoja. Anapojaribu kujifunza maana ya monoma na polima, mwanafunzi huyo hana pa kuyaegemeza maneno hayo. Si kwamba Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kinachokosekana ni daraja kati ya kamusi hiyo na daftari la mwanafunzi.

Serikali imekwisha kuchukua hatua zinazogusa mlango huu. Ada ya sekondari iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na hadi kidato cha sita kuanzia mwaka 2022. Mradi wa kuimarisha ubora wa elimu ya sekondari, SEQUIP, ulioidhinishwa mwaka 2020 kwa dola za Marekani milioni 500, uliweka mpango wa kujenga shule ya sayansi ya wasichana katika kila mmoja wa mikoa 26 ya Tanzania Bara, Songwe ukiwamo. Katika ngazi ya juu, mradi wa HEET, uliopata dola milioni 425 mwaka 2021, unaviwezesha vyuo vikuu vya umma kupanua majengo, maabara na ufundishaji. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, Samia Skolashipu imewagharamia wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi katika sayansi.

Hatua hizi zinajenga shule na kulipa ada. Haziwezi peke yake kumfanya mwanafunzi aone kwamba kemia inahusu ganda la kahawa lililorundikwa nyuma ya nyumba yao. Hapo ndipo watafiti wa polima wanapohitajika.

5.0 Njia Inayopendekezwa kwa Mlowo

Mlowo haina chuo kikuu, lakini haipo mbali nacho. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichopandishwa hadhi na kuwa chuo kikuu mwaka 2012, kipo kwenye barabara hiyo hiyo. Pendekezo la makala hii ni kwamba mkataba wowote wa utafiti wa polima kati ya chuo cha Tanzania na chuo cha nje uwe na ngazi ya tatu, yaani shule za sekondari za eneo linalotoa malighafi, na ngazi hiyo ipewe kazi ya kisayansi badala ya ziara ya siku moja.

Kazi hiyo inawezekana bila vifaa vya gharama kubwa. Mfano mmoja ni utando wa wanga. Gramu 10 za wanga wa mahindi huchanganywa na mililita 100 za maji na gramu 3 za gliseroli, kisha hupashwa moto huku zikikorogwa. Joto likipita nyuzi 70 hivi za Selsiasi, chembe za wanga huvimba na kupasuka, na mchanganyiko huwa mzito kama uji. Humiminwa kwenye sahani bapa na kuachwa ukauke kwa siku moja au mbili. Kundi jingine la wanafunzi hurudia kazi hiyo bila gliseroli. Utando wa kwanza hupindika. Wa pili huvunjika kama kigae. Katika tofauti hiyo mna somo zima: molekuli ndogo za gliseroli zimejipenyeza kati ya minyororo ya wanga na kuifanya iteleze. Wanafunzi huweza kuzitumbukiza tando zote mbili katika maji na kupima muda unaopita kabla hazijalegea, au kutundika vizito na kuandika ule uliozikata.

Wanga wa mahindi ni chakula, na kiasi kinachohitajika darasani ni kidogo. Kwa utafiti wa kudumu, ngazi ya chuo ichukue magunzi na maganda ya kahawa. Katika maabara ya chuo, mabaki haya husagwa, kisha hutibiwa kwa hidroksidi ya sodiamu ili kuyeyusha lignini na hemiselulosi na kubakiza selulosi. Kazi hiyo ina hatari ya kuunguza ngozi na macho, hivyo haifai kuachiwa wanafunzi wa sekondari. Wanachoweza kufanya wao ni kukusanya sampuli kwa utaratibu, kupima unyevu wake kwa kukausha na kupima uzito, na kuweka kumbukumbu za mahali na msimu. Takwimu hizo zina manufaa halisi kwa mtafiti, kwa sababu malighafi za mimea hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na mtafiti aliye mbali hawezi kuzikusanya peke yake.

Kwa shule zisizo na maabara kamili, uzoefu wa kemia ya vipimo vidogo unaweza kusaidia. Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kikishirikiana na UNESCO, kimeeneza katika nchi nyingi visanduku vya majaribio yanayotumia matone machache tu ya kemikali, hivyo kupunguza gharama, hatari na taka kwa wakati mmoja.

6.0 Vigezo vya Kutathmini Ushirikiano

Watahini na wafadhili huwa wanapima ushirikiano kwa idadi ya machapisho na wahitimu. Vigezo hivyo vibaki, lakini viongezwe vingine. Ichunguzwe ni vipimo vipi vilifanyika nchini na vipi vililazimika kusafirishwa, maana chuo kinachotuma sampuli nje kila mara hakijengi ufundi wa ndani. Ichunguzwe iwapo mashine iliyoletwa ina fundi na vipuri baada ya mkataba kwisha. Muhtasari wa matokeo uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mwalimu wa kemia wa sekondari, ukitumia istilahi zilizokwisha kusanifiwa. Aidha, idadi ya wanafunzi walioendelea na kemia kidato cha tatu katika shule zilizoshiriki ilinganishwe kabla na baada ya mradi, wasichana na wavulana wakihesabiwa mbalimbali. Kigezo hiki cha mwisho ni rahisi kukipima, kwani kila shule ina orodha yake, na ndicho kinachoonesha kama mlango umepanuka.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba mtafiti wa polima si mwalimu wa sekondari, na kumwongezea jukumu hilo kutapunguza ubora wa utafiti. Pingamizi hili lina uzito pale kazi ya shuleni inapokuwa nyongeza isiyo na fungu la fedha. Linapungua nguvu kazi hiyo inapoingizwa katika utafiti wenyewe, kwa namna ilivyoelezwa kuhusu ukusanyaji wa sampuli, na inapopewa mtu, muda na bajeti tangu mkataba unapoandikwa.

7.0 Hitimisho

Historia ya ganda la korosho inaonesha kwamba mtafiti wa Tanzania anaweza kulichukua taka la mkulima, akalipeleka katika maabara bora za dunia na kurudi na maarifa mapya. Historia hiyo hiyo ina funzo kuhusu ushiriki. Mwaka 1992, mwaka ambao utafiti wa Bisanda na Ansell ulichapishwa, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa ajili ya wale ambao milango ya kawaida ya chuo kikuu haikuwafikia. Miaka mingi baadaye, Bisanda akawa Makamu Mkuu wa chuo hicho. Katika maisha ya mtu mmoja, utafiti wa polima na upanuzi wa elimu vilikutana. Katika mikataba ya vyuo vikuu, mambo hayo mawili bado huandikwa katika kurasa tofauti.

Kwa mwanafunzi wa Mlowo, kinachoamua ni kama atakuwa ameshika utando wa wanga alioutengeneza mwenyewe kabla ya siku ya kujaza fomu ya kuchagua masomo. Ushirikiano wa vyuo vikuu unaotaka kuitwa endelevu unapaswa kufika shuleni kwake kabla ya siku hiyo.